Miraba Sabini na Miwili

Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mkono aligundua kosa lake Jumanne, saa nne na robo asubuhi, aliposhuka kutoka kwenye jukwaa kwenda kunywa maji. Alikunywa kikombe kimoja, akajaza cha pili, akageuka kuutazama ukuta kwa mbali kama fundi yeyote anavyofanya. Kikombe kikabaki hewani. Ramani ilikuwa nzuri, mistari imenyooka, kijito cha buluu kimepinda kama kinavyopinda. Ila ilikuwa kushoto. Aliambiwa aiweke kulia.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa ukumbi wa shule ya msingi, ule unaotazama uwanja: urefu mita kumi, kimo mita tatu na sentimita ishirini. Mwalimu Mkuu alikuwa amempa maelezo Ijumaa iliyotangulia, tena kwa karatasi. Kulia, karibu na mlango wanaoingilia wageni, ichorwe ramani ya eneo la shule. Kushoto ziandikwe sheria kumi za shule. Mkono aliisoma karatasi ile, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, na Jumatatu asubuhi akaanzia kushoto. Si kwamba alisahau. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiandika mabango ya maduka, ya vinyozi, ya zahanati, na maneno ya ubavuni mwa malori, na herufi huanzia kushoto. Akili ilikuwa bado inapanga, mkono ukawa umeshaondoka.

Na ulikuwa umefika mbali. Kazi ya kukuza ramani haina uchawi. Ile ya zamani, iliyochorwa kwenye kitambaa na kutunzwa katika ofisi ya walimu, ilikuwa na upana wa sentimita themanini na kimo cha arobaini. Mkono aliigawa kwa uzi kuwa miraba ya sentimita tano tano: kumi na sita kwa nane, jumla mia moja ishirini na minane. Ukutani kila mraba ukawa wa sentimita arobaini. Kilichomo ndani ya mraba mdogo kinahamia ndani ya mraba mkubwa, basi. Miraba alikwisha kuipiga kwa uzi uliopakwa chaki, na barabara kuu, reli na kijito vilikwisha kupakwa rangi ya mafuta, ambayo haitoki kwa kitambaa na maji. Kulia ulibaki ukuta mtupu, mweupe, mita tatu na sentimita sitini.

Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia Mwalimu Mkuu kengele ya mapumziko ilipolia na uwanja ukajaa. Watoto wakaja mbio kuona ramani imefika wapi. Wale wanaokaa upande huu wa kijito wakaanza kusukumana mbele ya miraba, kila mmoja anatafuta kwao, huyu anaonyesha duka la baba yake, yule anabishana kuhusu kona. Wanaotoka ng'ambo ya kijito walikuwa na kawaida ya kusimama nyuma mambo kama hayo yanapotokea. Leo hawakusimama nyuma. Msichana mmoja wa darasa la tano, soksi moja ndefu na nyingine fupi, aliupita ukingo wa ramani, akasimama mbele ya ukuta mtupu, akaanza kuwatembeza wenzake kwa kidole.

"Hapa daraja," alisema. "Ukivuka, hapa kwa muuza mkaa. Unapinda. Kwetu hapa." Akaupiga ukuta kwa kiganja.

"Na sisi huku juu," mwenzake akasema, akanyoosha mkono mpaka karibu na paa.

"Huko juu? Kumbe mnaishi na popo."

Wakacheka, wakasogea, wakaanza kugawana ukuta mweupe wote. Mkono alikuwa ameganda, kikombe mkononi. Kwa sababu hata yeye alitoka ng'ambo, na alisoma shule ile ile, na ramani ile ya kitambaa aliijua kuliko alivyojua kiganja chake.

Ramani hiyo aliichora mwalimu wa jiografia, miaka thelathini na saba iliyopita, na kuitundika darasa la sita ndani ya fremu ya mbao. Upande wa kulia ulikuwa na kijito, na baada ya kijito hapakuwa na kitu isipokuwa herufi nne kubwa zilizosimama wima ukingoni kabisa: PORI. Siku moja mwalimu aligawa pini zenye vichwa vyekundu, kila mwanafunzi aende achomeke anapokaa. Mkono alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alifika mbele, akalitazama neno lile, akatazama alikojua kuna nyumba yao, ya shangazi yake na nyingine zisizopungua thelathini, akaona pote hapo hapana nafasi. Akachomeka pini kwenye fremu. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema tu kwamba hapo ni fremu, mtu hakai kwenye fremu, kisha akaita jina linalofuata.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyegundua, mwezi mmoja baadaye, kwamba msichana wa kwenye fremu anaweza kuchora mstari wa mita moja ubaoni bila rula na usitikisike. Tangu hapo akawa hamwiti kwa jina. "Mkono, njoo," anasema, na Mkono anatoka darasani kwake kwenda kuchora bara zima kwenye ubao wa darasa la saba, pwani, milima na maziwa, wakubwa wametulia wanamtazama. Aliona raha hiyo akaizoea. Shule ilimpa jina, ikampa kazi ya kula maisha yake yote, na katika miaka hiyo hiyo ikamfundisha kutosema anakotoka. Watu walipomuuliza anakaa wapi, alijibu, "Karibu na shule." Alifika kidato cha pili, akajifunza kuandika mabango, akaolewa, akapanga upande huu wa kijito. Hata alipokwenda kulala katika nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa anakaa kaka yake, alikuwa akiaga kwamba anakwenda kwa kaka. Neno nyumbani halikumjia. Na hakuwahi kujiuliza kwa nini mpaka Jumanne ile, alipomwona mtoto wa watu anaupiga ukuta mtupu kwa kiganja bila wasiwasi wowote.

Mwalimu Mkuu alitoka ofisini na rundo la funguo zake. Alikuwa kijana bado, mdogo kwa Mkono kwa miaka kumi na zaidi, amehamia shuleni hapo miezi minane iliyopita, mtu wa maneno machache. Aliutazama ukuta, akautazama tena, akauliza kama kulia kumehama. Mkono akakiri kosa lake bila kulipamba. Akaeleza pia kwamba kupaka upya kila kitu na kuanza mwanzo kutakula siku mbili, na sherehe ni Ijumaa saa tatu asubuhi, siku ambayo yule mwalimu wa jiografia, mstaafu sasa, atakuja kutuzwa na shule kwa ajili ya ramani yake. Halafu, kabla ujasiri haujamtoka, akatoa lililokuwa likimchemka kifuani: sheria kumi ziandikwe kwenye ukuta wa mabomba ya maji, ambako watoto husimama foleni na hawana la kufanya ila kusoma, na ramani iendelee kulia, ivuke kijito. Miraba tisa kwa minane. Sabini na miwili. Watoto arobaini na mmoja wa shule hii wanatoka huko.

"Nani amepima huko?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Bado hakujapimwa."

"Mama, ramani si ua la kuchora kwenye kanga."

"Najua, Mwalimu. Nitapima."

Alizungusha funguo kwenye kidole, akafikiri, akatoa masharti. Ramani ni ya mzee, na mzee atakuja Alhamisi saa kumi jioni kutazama kabla ya sherehe. Akisema nyongeza ni sahihi, itabaki. Akisema si sahihi, itapakwa nyeupe, na shule haitaandika uongo mwingine juu yake. Mkono alisikia lile neno "mwingine" na hakuwa na hakika kama Mwalimu Mkuu alikusudia kulisema. Aliitikia haraka, asije akabadili mawazo.

Kilichofuata hakikuwa kazi, kilikuwa mbio. Mchana ule ule alikusanya watoto kumi na wawili wa ng'ambo uwanjani, akalaza utepe wa kupimia, akawaambia watembee hatua mia moja kama wanavyotembea kwenda kwao, si kama askari. Alipima kila mmoja, akaandika, akatafuta wastani: hatua mia moja ni mita hamsini na tano. Mraba mmoja wa ukutani ni mita mia mbili na hamsini za ardhini. Kwa hiyo mraba ni hatua mia nne hamsini na tano. Aliirudia hesabu mara tatu kwa penseli, na mara zote tatu ikatoka ile ile, akajikuta anacheka peke yake. Akawapa watoto wote arobaini na mmoja karatasi. Wahesabu kuanzia darajani hadi mlangoni kwao. Kila wanapopinda waandike kushoto au kulia, na waandike jua lilikuwa wapi.

Jumatano asubuhi walimngoja langoni. Karatasi zilimjia kama mvua, nyingine zina tope, moja ina mafuta ya kupikia. Msichana wa soksi alikuwa na hatua elfu moja mia nane na ishirini, miraba minne kamili, na alisema alihesabu kwenda na kurudi. Mwingine aliandika elfu mbili mia tatu na kumi, akaongeza chini kwamba sitini kati ya hizo asihesabiwe maana mbwa wa fundi baiskeli alimtoa mbio. Yupo aliyebebwa mgongoni na dada yake tangu kwa muuza mkaa, akahesabu hatua za dada. Na wawili wa nyumba moja walileta hesabu zilizopishana kwa mia tatu, wakashikana mashati pale pale mbele ya jukwaa, mpaka ikajulikana kwamba mmoja hupita njia ya mkato nyuma ya nyumba ya watu na hakutaka ijulikane.

Mkono alipachika nukta za chaki moja moja. Kufikia mchana ukuta mweupe ulikuwa na nukta thelathini na nane, lakini nukta si ramani. Alijua nyumba iko mbali kiasi gani, hakujua barabara zinashikanaje. Zamani alizijua. Sasa kila alipofumba macho aliona njia za utotoni, ambazo nusu yake zilikwisha kujengwa juu.

Hapo ndipo kaka yake alipokuwa na kazi. Kaka mtu alikuwa msoma mita wa mamlaka ya maji, na tangu mabomba yavuke kijito, miaka kumi na mmoja sasa, kila mwezi alikuwa akipita kila uchochoro wa ng'ambo na kitabu chake cha mzunguko, mita mia mbili na kumi na moja, zimeandikwa kwa mpangilio wa miguu yake. Alifika saa tisa akiwa bado na sare, viatu vyekundu kwa vumbi. Alisimama chini ya jukwaa, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu," akasema, "leo umeikumbuka njia ya kwetu?"

"Soma kitabu, kaka."

"Nasoma. Nilitaka tu nilisikie jibu."

Akasoma. Mwanzoni alisoma kama karani, namba na jina, namba na jina. Baada ya mita kumi akakiacha kitabu kining'inie, akaanza kutembea. Alitembea palepale chini ya ukuta, hatua mbili huku, moja kule, anaonyesha kwa kalamu, na Mkono juu anamfuata kwa chaki. Sasa tunavuka mtaro, alimwambia. Sasa kushoto, siyo hapo, mbele kidogo, hapo utaingia jikoni kwa watu. Sasa tunapanda, taratibu, hapa pana mawe. Watoto waliobaki shuleni walikuja kukaa chini kwenye nyasi, na kila barabara ilipokutana na nukta ya mmoja wao ikapita mlangoni kabisa, mwenye nyumba alisimama akajipiga kifua. Barabara ishirini na tatu. Vichochoro hamsini na vinne. Soko dogo, tangi la maji, kisima cha zamani, njia panda ya zahanati. Jua lilipoanza kulala, miraba sabini na miwili ilikuwa imejaa chaki, na ile nyumba waliyozaliwa ilikuwa kwenye mraba wa tatu kutoka kijitoni, wa tano kutoka chini. Kaka mtu aliitazama kwa muda.

"Ndogo," akasema.

"Zote ndogo, kaka."

"Sikatai. Nasema tu ni ndogo."

Alhamisi alipaka rangi tangu asubuhi bila kuketi, na saa kumi kasoro dakika tano alikuwa anaosha brashi ya mwisho mzee alipoingia langoni. Alikuwa amekonda, mrefu vilevile, kofia kichwani, fimbo mkononi. Mkono alikuwa na miaka hamsini na alijikuta anafunga vifungo vya koti lake la kazi.

Mzee hakusalimia ukuta kwanza, alisalimia watu, kila mmoja. Kisha akaenda kushoto, akainama pua ikikaribia kugusa rangi, akaifuata ramani yake mraba kwa mraba mpaka kijitoni. Ilichukua robo saa. "Mkono bado mkono," alisema. Halafu mzee akavuka kijito. Akarudi nyuma hatua tatu, akaondoa kofia, akaivaa tena.

Akauliza amepima kwa kitu gani. Mkono akamweleza hatua, wastani, karatasi, kitabu cha mita. Mzee akatikisa kichwa. Yeye alipima kwa kamba ya mita hamsini, alisema, likizo nzima, watu wawili, na hatua za watoto si kipimo, mtoto akiona mpira miguu inabadilika. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kando, funguo zimetulia kwa mara ya kwanza. Mkono aliona jinsi jambo linavyoelekea, na ndipo likamtoka swali ambalo hakuwa amelipanga.

"Mwalimu, kwa nini uliandika pori?"

Mzee aliegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili.

"Sikuvuka," akasema. "Maji yalikuwa yamechukua daraja. Likizo ilibaki siku mbili, na kamba ilikuwa ya kuazima. Nikaweka neno, nikajiambia nitarudi kulifuta."

"Mimi nilikuwa nakaa mle."

"Najua. Uliniambia kwa pini, nikakujibu kuhusu fremu." Alimtazama moja kwa moja. "Nilijua nimekosea kabla sijamaliza kusema. Lakini darasa lilikwisha kucheka, na mimi nilikuwa mwalimu kijana. Nikaita jina linalofuata."

Mzee akajinyoosha, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya darasani. Aliuliza kama shule ina kamba. Ilikuwepo, ya mchezo wa kuvutana. Akauliza kama kuna mtu mwenye kazi jioni hiyo. Hakuwepo.

"Basi twende tukapime," akasema. "Jua lipo."

Msafara ulitoka langoni: mzee mbele na fimbo, kaka mtu na Mkono wameshika ncha mbili za kamba iliyopimwa mita hamsini kwa utepe, Mwalimu Mkuu anaandika, watoto nyuma, na kila walipopita walizidi kuwa wengi. Mzee alisema atachagua sehemu tatu mwenyewe, na tatu zikitoka sawa atasaini. Darajani alisimama kidogo akaukamata ukingo wa zege, akautikisa kama mtu anayejaribu jino, akavuka.

Ya kwanza ilikuwa kisima cha zamani. Kamba kumi na tatu kasorobo. Ukutani Mkono alikuwa amepiga kumi na tatu. Mzee akaguna, kwa guno la kukubali. Ya pili, soko dogo, ikapishana kwa mita nane tu, na wauza mboga waliacha meza zao wakawa wanasaidia kushikilia kamba isiguse matope. Watoto walikuwa wameanza kuhesabu kamba kwa sauti moja. Mkono alisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Akaona mtoto aliyetolewa mbio na mbwa anamwonyesha mzee mbwa mwenyewe.

Ya tatu mzee alichagua njia panda ya zahanati, juu ya mlima. Kamba ishirini, mita elfu moja. Mwalimu Mkuu akatazama daftari lake, kisha akamtazama Mkono. Ukutani njia panda ilikuwa mita moja na sentimita themanini kutoka darajani. Ilipaswa kuwa moja na sitini. Nusu mraba nzima.

"Basi imekosewa," Mwalimu Mkuu akasema, na hakusema kwa furaha.

Sauti za watoto zilikatika. Mkono alihesabu tena kichwani, akahesabu tena, na njia panda ikakataa kusogea. Aliitazama barabara waliyopanda, jinsi ilivyoinuka kutoka kwa fundi baiskeli mpaka pale, aliwatazama watoto wadogo waliokuwa bado wanapanda huko chini wakihema, miguu inapiga vihatua vifupi, vifupi. Akaketi kwenye jiwe. Halafu akasimama.

"Mlima," akasema. "Niliwapima uwanjani, kwenye tambarare. Wakipanda hatua zinafupika. Waliandika nyingi, nikawapeleka mbali." Alikuwa anaongea haraka sana. "Kila kilicho juu ya mlima kirudi kushoto sentimita ishirini. Chini ya mlima hakuna kosa. Ni hapo tu."

Mzee alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko cha ndani kinachotikisa mabega. Alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba wanafunzi wake wa miaka yote hawakuwahi kulipata kosa lao na kuliwekea sababu kwa muda mfupi namna hiyo. Mwalimu Mkuu akajibu kwa adabu kwamba hata hivyo sharti lilikuwa sharti.

"Kama unafuta kwa nusu mraba, mwanangu, anza kwangu," mzee akasema. "Ile barabara ya kituo cha basi nimeipotosha mraba mzima. Nilipima siku ya jua kali, nikakadiria mwisho. Miaka thelathini na saba hakuna aliyenishika, na kesho mnataka kunivisha shada."

Mwalimu Mkuu alitazama daftari, akamtazama mzee, akatazama watoto, ambao walikuwa zaidi ya hamsini kufikia hapo. Alizichezesha funguo. Aliuliza Mkono anahitaji saa ngapi kurekebisha makosa yote mawili, la ng'ambo na la mzee. Mkono akasema akianza alfajiri atamaliza kabla ya wageni. Akaambiwa basi aanze alfajiri.

Ijumaa saa tatu kasoro dakika kumi aliweka brashi chini. Mlima wote ulikuwa umerudi nusu mraba, rangi bado mbichi, na ofisi ilikuwa imebandika karatasi mbili zinazosema usiguse. Hazikusaidia. Shule ilikuwa imezoea wazazi wachache wa ng'ambo kwenye mikutano yake, wanaokaa karibu na lango ili waondoke mapema. Siku hiyo walijaa mpaka viti vikaisha, na hotuba ziliposomwa nusu yao walikuwa wamempa msemaji kisogo, wanatazama ukuta. Mama wa msichana wa soksi alidai mlango wake unatazama barabara, si uchochoro. Muuza mkaa aliuliza kwa nini jirani yake amechorwa mkubwa. Kaka mtu alikuwa katikati yao na kitabu cha mita, anahukumu. Vidole kumi na kitu vilikuwa na rangi, na mzee alivishwa shada lake wakati watu wengi hawamtazami, naye alikuwa wa kwanza kulitoa ili aende akasikie ubishi.

Mkono alikuwa anakunja maturubai mwanaume mmoja mwenye mikono ya mvunja mawe alipomjia. Alikuwa ameutazama ukuta tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka kwenye kona. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza tu, kama wale wa machimboni wako upande gani, maana yeye anakaa kule nyuma ya mlima na ana watoto wawili hapa shuleni, na hajajiona.

Machimbo hayakuwa na mita za maji. Kaka mtu hakuwahi kufika. Mzee, aliyekuwa karibu, akasema polepole kwamba huko hata yeye hajui. Mkono aliifuata ramani kwa macho hadi ukingoni, akaizunguka kona ya ukumbi, akatazama ukuta wa ubavuni. Ulikuwa mweupe mpaka dirishani. Akatoa utepe, akampa mvunja mawe ncha moja ashikilie. Mita mbili na sentimita arobaini. Miraba sita.

"Watoto wako waje Jumatatu na hesabu zao," akamwambia. "Waanzie njia panda ya zahanati. Na pale wanapopanda, waandike wamepanda."